Mstari wa Muhogo wa Bibi

Je, ni haki kumnyima jirani mbegu ya muhogo, wakati bibi yangu hakuwahi kumnyima mtu? Swali hilo lilininyima usingizi baada ya kurudi kijijini kwetu Sapiwi na shahada yangu ya kilimo, bila kazi, nikaukuta ule mstari wake bado umesimama pembeni mwa pamba, majani yamejikunja na kuingia madoa ya njano.

Ungeliona shamba lile nilipokuwa mdogo! Bibi alipanda mahindi kwanza, choroko chini yake, na mahindi yakishapaliliwa muhogo ukaingia katikati. Sisi watoto tulichomeka pingili. "Inamisha," alisema, "usiilaze kama mgonjwa." Mahindi yakishavunwa, muhogo ulibaki peke yake, nasi tuliula umechemshwa, pamoja na karanga, wa moto hadi tukauhamisha kiganja hadi kiganja.

Kisha biashara ya pamba ikaachiwa watu binafsi. Wanunuzi wakaja na mizani zao, kila mmoja akitaja bei ya kumzidi mwenzake, na baba akaanza kung'oa muhogo apande pamba tupu. Bibi akasimama mbele ya mstari wa mwisho.

"Msimu ukiharibika utawapikia wanao marobota ya pamba?"

Baba akacheka, lakini akauacha. Msimu uliofuata mvua ilikatika, bei ikaanguka, wanunuzi hawakuonekana. Tulikula mstari ule. Majirani wakaja kuomba mbegu, bibi akawakatia, akawafungia mizigo kwa kamba za katani, akauacha mstari uchipue tena.

Sasa bibi hayupo. Jirani yetu, mama aliyepata mbegu kwake mwaka ule, alikuja asubuhi.

"Mwangaluka, mwanangu. Wangu umekufa wote. Nikatie mzigo mmoja tu."

"Huu una batobato, mayu. Ukiupanda utaota na ugonjwa wake."

"Bibi yako angenipa."

"Angekupa."

Nikawaza: labda pingili za chini ni nzima. Labda walionifundisha walikosea. Labda muhogo mgonjwa ni afadhali kuliko shamba tupu. Nilikuwa nimeulizia mbegu safi hadi Lamadi, sikupata. Niliuzunguka mstari hadi jua likawa kali, naye akinisubiri.

Nikaanza kung'oa, shina moja moja. Mizizi ilikuwa kama vidole vya mtoto. Nikalundika, nikawasha. Jirani alitazama mpaka moshi ukamtoa machozi, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka mikono mitupu, mtu wa kwanza kuondoka hivyo shambani kwa bibi.