Rangi ya Geti Juu ya Dramu za Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na dramu nyekundu. Si nyekundu ya shati. Ilikuwa na vimeta ndani yake, kana kwamba mtu alisaga chupa akaichanganya humo, na taa za baa zilipoziangukia hata walevi waligeuka kuzitazama. Alizipiga mjini Kambu, mjini Wote, popote palipokuwa na jukwaa, nami nilimbebea mpaka nikajifunza kuzipiga. Kabla hajafa aliniambia mbele ya mama kwamba ni zangu.

Waombolezaji hawajamaliza kutawanyika nyumbani kwetu Kyuso, baba mdogo, yaani mume wa mdogo wake mama, alikuja na pikapu akazipakia. Alikuwa mzee wa kanisa moja huko Wote, na kanisa halikuwa na dramu.

"Wewe utaziuza unywe," aliniambia. "Huko zitamtumikia Mungu."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Sikuwa na sauti mbele ya wazee.

Kwenye kanisa lao chombo kilichotoka baa hakiingii hivi hivi. Kinaombewa, na alama ya baa inaondolewa. Gitaa hubadilishwa nyuzi. Kwa dramu, baba mdogo aliamua kuwa alama ni ile rangi. Akachukua mkebe wa rangi nyeupe ya mafuta uliobaki alipopaka geti lake, akazipaka mwenyewe kwa brashi pana, nje ya kanisa, kwaya ikiimba. Nilimwomba aache hata moja.

"Kijana, unalilia rangi?" akacheka.

Nililia rangi, ndiyo, na sijamsamehe.

Nikaondoka. Nimeishi Mombasa, Voi, Nakuru, nikipiga dramu mahotelini, na baadaye nikaanza kununua na kuuza vyombo vya zamani, kwa sababu barabara hainichoshi. Biashara hiyo ndiyo iliyonionyesha alichonifanyia. Dramu mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja, mbao ile ile, mlio ule ule, na moja ikauzwa kwa bei mara kadhaa ya nyingine kwa ajili ya rangi tu. Nyeupe na nyeusi zilitengenezwa nyingi, na nyeupe ikizeeka hugeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Za vimeta zilikuwa chache, na jua huzila: bluu huwa kijani, nyekundu huwa kahawia. Ndiyo maana mnunuzi mjanja hufungua chuma kimoja cha kukazia ngozi ubavuni aone rangi ya chini, mahali jua halikufika. Na iliyopakwa rangi juu hununuliwa kwa bei ya mbao. Kila nilipouza seti nzuri nilimkumbuka baba mdogo, na si kwa wema.

Mwaka huu akanipigia simu. Kanisa limepata dramu mpya, na amesikia za zamani zina soko Nairobi. Alikuwa ameshaahidi mbele ya waumini kwamba pesa za zile zitaezeka ukumbi mpya. Mnunuzi yuko njiani. "Njoo umweleze, wewe unajua lugha yao."

Nilifika mapema, bisibisi mfukoni. Kamati ilikuwa imekaa kwenye viti vya plastiki, baba mdogo mbele, amevaa suti. Mnunuzi alizizunguka, akazigonga, akauliza rangi yake ya asili. Nilitoa bisibisi. Nilifungua chuma kimoja cha dramu kubwa. Chini yake palikuwa na kipande chekundu cha ukubwa wa kidole gumba, kinang'aa kama kipya.

"Nani alifanya hivi?" mnunuzi akauliza.

Mama mmoja wa kamati akageuka. "Si ni wewe, mzee? Na ile brashi ya geti?"

"Ilikuwa rangi ya baa," baba mdogo akasema.

"Basi hiyo baa ndiyo ingetuezekea ukumbi," yule mama akajibu.

Mnunuzi akasema hivyo zilivyo hazimrudishii hata petroli, akaingia garini. Baba mdogo akanigeukia. "Hakuna thina ya kuitoa?"

"Thina itayeyusha na ile ya chini," nikasema, na ni kweli. Hakuuliza kuhusu maji ya moto, na sikuwa nimekuja kufundisha. "Mkitaka nizibebe, niwapunguzie takataka stoo."

Kamati ilinisaidia kupakia. Baba mdogo hakuinuka kitini.

Nyumbani Kyuso nilizifunika kwa vitambaa vilivyolowa maji ya moto, kisha nikazikwangua kwa kadi ngumu ya plastiki. Hakuwa amezipiga msasa kabla ya kupaka. Alikuwa na haraka ya kuonekana. Rangi ya geti ilibanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake nyekundu ilikuwa nzima, bila doa la kahawia, kwa sababu miaka yote ile nyeupe yake ndiyo iliyokuwa ikiikinga na jua. Sijawahi kushika seti iliyotunzwa vizuri hivyo.

Nikazipiga picha, nikamtumia. Alipiga simu kabla sijatua sufuria.

"Hiyo ni mali ya kanisa."

"Ya kanisa ilikuwa nyeupe, baba mdogo."

"Nitakuja na kamati."

"Njoo nayo. Yule mama akae kiti cha mbele."

Watu wa Nairobi wananiuliza bei. Siuzi bado. Mkabala na kanisa lake kuna baa yenye jukwaa dogo, na nimeshaelewana na mwenye baa. Jumapili hii, ibada ikiisha, nitakuwa nimezipanga pale barazani, kivulini, zimeelekea mlango wa kanisa. Nataka nimwone akitoka.