Mashine ya vidole ilitukataa wabangua korosho, ikaja kumkataa na bosi

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, mbangua korosho hapa Newala. Nyuzi zenu nasoma kimyakimya siku nyingi, leo naleta wangu. Sitii chumvi. Anayetaka chumvi akanunue sokoni.

Kiwanda chetu ni kidogo, wanawake kama thelathini. Korosho inapikwa kwa mvuke, inaanikwa, halafu sisi tunapasua ganda na kuchokoa kiini.

Sasa lile ganda lina mafuta makali. Yakikugusa, ngozi inaungua, inabambuka, inaota nyingine, nayo inabambuka. Miaka tisa nimefanya kazi hii na watoto nimesomesha nayo. Naipenda, sifichi.

Mwaka huu bosi akaleta mashine ya mahudhurio. Unaweka kidole, sauti ya mwanamke inasema "Thank you", unaingia.

Bosi mwenyewe ni kijana wa mjini, umri wa mwanangu wa kwanza, mstaarabu, kila asubuhi ananipa shikamoo yangu. Ila hakuwahi kubangua hata korosho moja.

Siku ya kwanza mlinzi kapita, watu wa ofisini wamepita. Tukafuata sisi.

Please try again.

Please try again.

Mwenzangu wa benchi, Mama Somoe, akajaribu vidole vyote kumi, wapi! Kimakonde kikamtoka: "Nangu! Mimi nimesimama hapa, huyu bibi ananiona mzimu?"

Tulicheka mpaka machozi. Tangu hapo mashine tukaiita Bi Plizi.

Kicheko kiliisha bosi alipotangaza kwamba kuanzia mwezi unaofuata, asiyesomeka kwenye mashine anahesabiwa hayupo, na nafasi yake anapewa mwingine.

Kitinda mimba wangu yupo kidato cha tatu. Kazi hii ndiyo ada, ndiyo chakula, ndiyo maji ya kununua. (Watu wa Newala mnajua habari za maji, nisiwachoshe.)

Bosi alidhani tuna mikono michafu. Akatuletea sabuni. Wakuu, sabuni! Tukasugua weee, Bi Plizi akakataa vilevile.

Nikamfuata ofisini. Nikamwambia, "Baba, vidole vyetu ni visafi. Alama zimeliwa na korosho. Kama huniamini, njoo ukae kwenye benchi langu siku mbili."

Nilijua nimeshafukuzwa. Akacheka, akakunja mikono ya shati, akaja kweli.

Tukampa mafuta ya nyonyo ajipake, maana ndiyo kinga pekee tuliyokuwa nayo. Akakataa, eti yatachafua simu. Mama Somoe akanikonyeza. Tukamwacha.

Alhamisi na Ijumaa alibangua kwa bidii zote, ingawa korosho nzima alizotoa zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Jumatatu amekuja vidole vimebambuka kama kitunguu. Akaweka kidole mbele yetu sote.

Please try again.

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani Masasi walisikia. Mama Somoe akamwambia, "Pole bosi, leo haupo kazini."

Kicheko kikamshinda naye, akakaa chini kabisa. Kisha akaviangalia vidole vyake, akasema taratibu, "Mama zangu, nisameheni."

Wiki hiyohiyo glovu zikaja, kila mmoja jozi mbili. Mahudhurio yakarudi kwenye daftari. Mimi nikapewa kusimamia vifaa vya kinga. Glovu ikichanika natoa nyingine, hakuna mtu wa kwenda kubembeleza ofisini.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, kwa utani tu, nikamwomba bosi anisajili upya, nikaweka kidole kwa Bi Plizi.

Thank you.

Nikarudia, nikidhani nimesikia vibaya. Thank you. Mtu mzima nikalia kwa furaha pale mlangoni, na wenzangu wakapanga foleni kujaribu vyao.

Nilichojifunza: bosi asiyeijua kazi yako usigombane naye, mkalishe kwenye benchi lako. Na jamani akina mama, kuungua siyo sehemu ya kazi. Mimi nilidhani ni sehemu ya kazi kwa miaka tisa.

Uwanja ni wenu, matusi hapana. Dada zangu mnaochuma chai huko Mufindi, na ninyi wa mkonge, nawauliza kwa upendo: vidole vyenu vinasomeka?