Kamba Niliyomkamatia Remi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi. Nilitoka Ifakara nikijiambia kwamba nikifika kwa wanamaji nitapewa bunduki, au angalau darubini. Kumbe kilichonisubiri gatini ni brashi ya nyuzi ngumu, ndoo ya maji ya chumvi na sitaha, yaani ile sakafu ya juu ya meli, imejaa kutu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kando yangu alisimama Remi na brashi yake. Remigius, mtoto wa karani wa pale mjini, tuliyesoma naye shule moja ya msingi na kuandikishwa jeshini siku moja.

Afisa Mteule aliyekuwa mkubwa wa sitaha alitukagua akauliza, "Nyie wa bara, maji mnayajua?"

"Mto naujua, afande," nikasema.

"Mto ni mtaro tu. Sugua."

Nikasugua. Remi naye alisugua, ila alisugua zaidi upande ule alikosimama mkubwa wa sitaha. Nayasema haya mapema ili mjue mnamsoma mtu mwenye wivu. Sifichi. Nimestaafu, nalima mpunga Michenga, kando ya mto Kilombero, presha ninayo na wivu ninao. Anayetaka kumbukumbu za mtu asiye na kijicho aende kwa Meja Remi, atakaribishwa kwenye kochi.

Kazi yetu ilikuwa ubaharia wa sitaha. Vijana wengi hudhani mwanamaji ni mtu wa kupiga mizinga. Mizinga tuliipaka mafuta kuliko tulivyoipiga. Kazi hasa ilikuwa kamba. Chombo kina omo, ndiyo mbele, na kina tezi, ndiyo nyuma, na kila upande una kamba yake ya kufungia gatini. Ukikaribia gati unarusha kwanza kamba nyembamba yenye kifundo kizito, mtu wa gatini anaidaka, anaivuta, na nyuma yake inafuata ile nene inayovishwa kwenye kisiki cha chuma. Ni maneno machache, lakini upepo ukiwa mkali na mkono ukiwa mzito, kamba inazama, propela inaisokota, na chombo cha serikali kinageuka gogo.

Mkono wangu haukuwa mzito. Nilipangiwa Mtwara, nikapelekwa ziwani Mwanza, nikarudishwa Dar es Salaam, na kote huko wakubwa walinitaka mimi omo. Kapteni wa Mtwara, mtu mkali aliyekunywa chai ya tangawizi hata jua likiwa utosini, alikuwa akisema, "Kasiani akiwa mbele mimi naweza kufumba macho." Nilipanda nikawa koplo, kisha sajini. Remi naye alipanda. Kila nilipogeuka nyuma nilimkuta, na kila alipofika palikuwa pamekwisha safishwa.

Sifa hiyo ya kamba niliitoa nyumbani. Baba yangu alivusha watu kwa mtumbwi kule Michenga, na kwetu mtoni kuna sheria moja: mwenye mtumbwi ndiye anayeshika kamba. Anasimama nyuma na upondo wake, ule mti mrefu unaokita chini ya maji, anausukuma mtumbwi hadi ukingoni, na ukigusa tu udongo anaruka yeye mwenyewe na kamba mkononi, kabla ya abiria, kabla ya mizigo. Akichelewa, maji ya Kilombero hayana subira, yanaondoka na mama za watu na magunia yao. Baba alinichapa upondo wa miguu mara moja tu, siku niliposema "nilidhani yule wa mbele ataishika." Hapo ndipo miguu yangu ilipojifunza kuruka bila kuniuliza.

Ikaja nafasi. Jeshini askari wa vyeo vya chini anaweza kuomba kozi ya uafisa: anaingia chuoni akiwa sajini, anatoka na nyota begani. Sharti umri usiwe umepita, uwe na cheti cha kidato cha nne, mkuu wako akupendekeze, daktari akupitishe, kisha ufike mbele ya bodi. Mimi cheti sikuwa nacho. Nilisoma kwa kujitegemea, baada ya zamu, nikikariri kemia huku wenzangu wakicheza bao, nikafaulu. Niliitaka nyota ile jamani! Niliiota. Nilijaribu hata sahihi mpya, Luteni Usu Kasiani. Remi aliponiona nimepeleka maombi, akapeleka ya kwake kesho yake. Yeye cheti alikuwa nacho tangu zamani, baba yake si karani?

Baada ya usaili wa mdomo lilikuja jaribio la vitendo. Kila mwombaji alipewa boti ya doria aifunge gatini, akiwa yeye ndiye mkuu wa chombo na usukani uko mikononi mwake, na sisi waombaji wengine tukiwa mabaharia wake. Mwenyekiti wa bodi, Kanali mmoja mwembamba asiyecheka, alikaa nyuma.

Zamu ya Remi nilikuwa omo. Upepo ukasukuma, nikarusha kamba, mtu wa gatini akaikosa, ikaanguka majini ikaanza kwenda chini ya boti. Remi alibaki ameshika usukani. Sikungoja aseme. Niliivuta kwa mikono miwili, nikaruka gatini nayo, nikaifunga. Boti ikalala ubavuni mwa gati utadhani mtoto aliyeshiba.

Kanali akamuuliza Remi, "Uliona kamba imeanguka?"

"Niliona, afande. Mabaharia wangu walikuwa tayari."

Mabaharia wangu! Mimi! Mimi niliyemfundisha kuogelea kwenye dimbwi la nyuma ya kinu cha mpunga, akilia anashikilia shingo yangu! Jina langu alilijua tangu tukiwa na meno ya utoto, na pale mbele ya Kanali lingemgharimu nini?

Zamu yangu ikaja na nyongo hiyo kooni. Remi sasa alikuwa omo. Nilikuja vizuri, taratibu, hata Kanali aliinua nyusi. Remi akarusha, kamba ikaanguka fupi. Akasimama ananitazama, anangoja amri, kama kanuni inavyotaka. Na mimi nikaiona ile kamba inaondoka na maji. Miguu ikafanya ya Michenga. Niliacha usukani, nikakimbia mbele, nikampita Remi, nikaidaka, nikaruka gatini. Sijawahi kuikamata kamba vizuri namna ile maishani mwangu. Nyuma yangu nikasikia tezi ikigonga gati, kishindo hadi kunguru wakaruka.

Kanali akashuka polepole. "Sajini, kamba umeikamata vizuri sana. Sasa niambie, nani yuko usukani?"

Hapakuwa na mtu usukani.

Gwaridani lilisomwa jina la Remi. Langu halikusomwa. Niliambiwa nijaribu tena mwaka unaofuata, lakini mwaka unaofuata umri ulikuwa umenipita. Remi akaenda chuoni, akarudi na nyota, nami nikamwona kwa mbali na mkono ukanyanyuka kumpigia saluti. Saluti ile ilikuwa nzito kuliko nanga. Baadaye akawa mkuu wangu kwenye boti moja. "Sajini, kamba ya omo ikoje?" anauliza. "Tayari, afande." Basi. Nilimaliza nikiwa sajinitaji, nikapewa mkono wa kwaheri na cherehani ya mke wangu.

Sasa sote tuko nyumbani. Yeye alistaafu na cheo cha meja, na Ifakara nzima inalijua hilo. Harusini anakaa meza ya mbele. Sokoni wanamwita "Meja, Meja," hata wauza samaki wanamchagulia kambale mnono. Mimi jirani yangu Msukuma, ng'ombe wake wakiingia kwenye mpunga wangu, ananiita "we babu". Mke wa Remi ana kanga imeandikwa Mwenye Wivu Ajinyonge. Anaivaa nikipita. Sijinyongi ng'o.

Binti yangu Skolastika, tunamwita Skola, naye ni mwanamaji, koplo. Alikuja likizo akasema, "Baba, naomba kozi ya uafisa." Nikafurahi, nikavuta kiti nianze kumweleza. Kumbe alikuwa ametoka kwa Meja Remi! Kaenda kwake kwanza! Eti amwulize aliyefaulu.

"Amekuambiaje huyo?" nikauliza.

"Amesema buti zing'ae, nijibu kwa sauti."

"Na kamba?"

"Kamba hakuitaja, baba."

"Asingeitaja. Amka twende mtoni."

Nilimpeleka Michenga. Skola nilimlea mwenyewe kila likizo kwenye mtumbwi wa babu yake, na miguu yake ni miguu yangu, hilo ndilo lililonitisha. Nikamweka nyuma na upondo. Mimi nikakaa mbele na kamba. Tulipokaribia ukingo nikaiachia makusudi. Akaruka, karibu tupinduke.

"Nani yuko nyuma?" nikamuuliza.

"Baba, kamba ilikuwa inaondoka!"

"Nani yuko nyuma? Rudia."

Tulirudia. Yule Msukuma alisimama ukingoni na fimbo yake, akashindwa kuvumilia. "We babu, kamba imeanguka!"

"Iache!" nikamjibu.

"Kheee! Wazee wa huku," akawaambia ng'ombe wake.

Tukarudia siku ile na zilizofuata, mpaka nikaiachia kamba na Skola akabaki amesimama nyuma, ameukita upondo chini. "Baba, kamata kamba!" akaamrisha. Nikaikamata. Nilikuwa nimelowa hadi kifuani na nilikuwa na furaha.

Ameenda kwenye bodi, amerudi juzi. Ametua begi mlangoni, "Shikamoo baba," nikaitika marahaba, akasema, "Nimechaguliwa." Mama yake alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi nilimkumbatia, na nisiwadanganye, huku nimemkumbatia nilimwonea wivu. Mwanangu wa kumzaa. Ile nyota niliyokesha nikiiota ataivaa yeye. Nilikaa nikasubiri wivu upite. Haukupita, ukasogea tu pembeni, furaha ikapata pa kukaa.

Tukiwa mezani nikamwambia anisimulie jaribio la boti.

"Kamba ilianguka kweli, baba! Nilisikia miguu inataka kwenda. Nikaushika usukani."

"Ukaamrisha?"

"Kabla sijafungua mdomo, sajini mmoja aliyekuwa omo akaiwahi. Yule mtu ana mikono! Bodi wakaniuliza, nikawajibu kwa sauti kama Meja alivyosema, mabaharia wangu walikuwa tayari."

Nikarudisha tonge sahanini. "Na yeye amechaguliwa?"

"Hapana, yeye hakupita."

"Anaitwa nani?"

Skola akatazama sahani. "Sikumuuliza, baba."

Mama yake akanitupia jicho, nisiharibu sherehe. Niliinuka. Nikasimama wima vile nilivyokuwa nikisimama mbele ya Remi, mikono ubavuni, nikamwambia mwanangu, "Afande, kabla hujavaa hiyo nyota, mtafute yule sajini umuulize jina lake."

Akaelewa. Akaacha chakula, akatoka uani na simu. Akapiga huku, akaelekezwa kule, na mimi nimesimama palepale. Mwishowe nikamsikia, sauti imenyooka:

"Shikamoo, Sajini. Ni mimi, yule wa usukani. Samahani, ile siku sikukuuliza jina."