Hotpoti Iliyorudi Markham

Ninaikumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, theluji imebaki vichuguu vichuguu vyeusi pembeni mwa barabara, nami nimevaa fulana ya zambarau juu ya masweta mawili, najiona mabaya yote ya dunia nitayamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Najua unacheka ninapokuita mwanangu. Unanijua. Mimi ndiye Anti Neema wa darasa la Jumamosi, sijafika hata miaka thelathini, na shule yangu iliishia kidato cha nne. Kwa desturi yetu, nasaha za kufungulia mwaka huandikwa na mzee. Mwaka huu wazee wamekaa wakasema aandike Neema, kwa kuwa kosa lilikuwa lake, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Basi kwa jambo hili moja nimekuwa mzee. Kwa mengine yote bado mtoto. Ukiona Kiswahili kinakuwa kizito mwombe mama akusomee, nawe umjibu kwa Kiingereza kama kawaida yako. Muradi yakuingie.

Fulana ile ilikuwa ya kikundi chetu cha akina mama. Tuko Wakristo na Waislamu, Waismailia wakiwemo, na tunakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa moja pale Parkdale, hapa Toronto, kuwafungua watu macho kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe ni fupi. Mtu anaahidiwa kazi au masomo, au anaahidiwa mapenzi tu, halafu anajikuta hana hati zake, hana simu, hana siku ya kupumzika, na kila akikaribia mlango anaambiwa nje kuna polisi wanamsubiri. Wengine huvushwa kutoka mbali. Wengine ni mabinti waliozaliwa hapa hapa, wanaanzia kwa kijana mwenye maneno matamu. Sisi hatuhutubii. Tunachemsha chai, kila mtu analeta kitafunwa chake, na mezani tunaweka vikadi vidogo vyenye namba ya watu wa kusaidia, vidogo kiasi cha kuingia ndani ya kiatu, chini ya soli. Nilikuwa nimehudhuria semina moja tu, nikapewa fulana, nikavimba.

Siku hiyo akaja mama mmoja wa Markham, mji wa pembeni mwa Toronto, mwenye nyumba kubwa na gari kubwa, ambaye alipenda kuitwa Madam. Nyuma yake alikuwa dada mwembamba amebeba hotpoti ya maua mekundu iliyojaa vitumbua. Madam akaketi ukumbini na wenzake. Dada akaelekezwa jikoni nilikokuwa mimi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na macho yangu yalikuwa yanatafuta kamba.

"Dada, vitumbua hivi vitaua mtu," nikamwambia. "Nipe namba yako unifundishe."

"Sina simu."

"Unakaa Toronto huna simu? Na ndugu zako wanajuaje uko hai?"

Akatabasamu kidogo, anapanga vitumbua kwenye sahani. Akaniambia anaitwa Rehema, kwao Singida, na aliletwa kusomea uuguzi. Nikamuuliza anasomea wapi. Akasema bado. Nikamuuliza pasipoti. Akasema Madam anamtunzia. Nikamuuliza likizo yake siku gani. Hapo akaacha kupanga.

"Neema, eti? Sikia. Nina njia yangu. Asubuhi nawapeleka watoto wa Madam shule kwa miguu, kurudi narudi peke yangu. Ni dakika kumi tu, lakini ni zangu. Usimwambie mtu. Nitajua la kufanya."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo huu huu.

Sasa, mwanangu, wewe unalijua kundi letu la wasapu, lile la watu mia tatu. Kwetu jambo lisipofika kundini ni kama halijatokea. Msiba, kundini. Mgonjwa, kundini. Mtu kapoteza funguo kwenye basi, kundini, na watu hamsini watajibu "tuko pamoja". Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kupendana. Basi nami, kwa mapenzi hayo hayo, moyo unaruka kama samaki, nikatoka nje kwenye baridi nikarekodi sauti: jamani tusilale, kuna dada yetu amefungiwa nyumba moja Markham, ndiye aliyepika vitumbua mnavyokula sasa hivi, tumwokoe leo leo.

Nikatuma. Nikarudi ndani kifua mbele.

Simu za ukumbi mzima zikalia kwa pamoja. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu ya Madam.

Naye alikuwemo kundini. Hilo halikuwa limenipitia akilini kabisa. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini polepole, akaenda mlangoni mwa jikoni akasema, "Rehema, twende." Rehema alipopita mbele yangu hakunitazama kwa hasira. Afadhali angenitazama hivyo. Alinitazama kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo ya maji kichwani kutoka mbali, nawe ukampiga kikumbo mlangoni kwake.

Aliyebaki kuosha vikombe alikuwa Bi Shirin. Unamfahamu: Mwismailia mzaliwa wa Tabora, mshona nguo mstaafu, Kiswahili chake alikiokota dukani kwa baba yake na mpaka leo anakiburuta taratibu kama kitambaa kirefu. Hakunifokea.

"Neema, ulimwuliza anataka nini?"

"Bi Shirin, niliona kabisa anataka kuokolewa."

"Sikukuuliza uliona nini."

Nikashika kitambaa nikaanza kufuta vikombe. Akaendelea kuosha.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umekwenda kuwahesabu kunguni wa mwenzio mbele ya watu mia tatu, na mwenye kitanda, huyo Madam, yumo. Yeye alikuwa na mlango mmoja. Omba Mungu usiwe umeufunga."

Niliufunga, mwanangu. Binti yake Bi Shirin anakaa mtaa wa pili kutoka kwa Madam, na wajukuu wanasoma shule ile ile. Jumatatu akapiga simu: watoto wa Madam wameletwa kwa gari. Jumanne, gari. Rehema hakuonekana. Zile dakika kumi zilizokuwa zake, mimi nilikuwa nimezila.

Nilitaka twende na polisi, twende na kanisa zima, twende na fulana zetu. Bi Shirin akawapigia kwanza wanawake wa nyumba ya hifadhi, watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Wakamwambia: kama yuko kwenye hatari sasa hivi, piga namba ya dharura. Kama sivyo, yeye ndiye mwenye maisha yake, na asiamuliwe. Tafuteni namna ya kumuuliza. Pa kufikia tunapo.

Namna ya kumuuliza? Nyumba imefungwa, simu hana. Tulikaa jikoni kwa Bi Shirin tukatazama ukuta. Kisha yeye akatazama rafu, na juu ya rafu ilikuwepo hotpoti ya maua mekundu. Madam alikuwa ameisahau kanisani kwa hasira, naye Bi Shirin akaichukua.

"Chombo cha watu," akasema Bi Shirin.

Mwanangu, hata kama umezaliwa hapa, hili unalijua kwa mama yako: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, na anayekuletea chombo haachwi mlangoni. Bi Shirin akakaanga bajia za dengu mpaka hotpoti ikajaa. Alhamisi akanipakia kwenye gari lake dogo, anaendesha polepole mpaka malori yanatupigia honi.

"Waache," akasema. "Wana haraka ya kufika Markham, na Markham haihami." Kisha akaniambia sehemu yangu. "Utamwomba yule mama radhi kwa kelele. Usiseme uongo hata neno moja. Kelele umepiga kweli, basi itubie hiyo hiyo. Ila itubie kwa urefu."

"Urefu gani?"

"Wewe? Hutapata shida."

Madam alifungua mlango, akaona hotpoti, akaniona mimi nyuma yake. Uso wake ukajikunja.

"Chombo chako, mama," akasema Bi Shirin. "Kingerudi kitupu watu wangenisema."

"Na huyu?"

"Huyu nimemleta kwa sikio. Ana radhi zake."

Nani kwetu atamfukuza bibi wa miaka sabini na kitu, mikono imeshika chakula cha moto? Tukaingia. Bi Shirin akasema anakwenda kukimimina jikoni, asisumbuke mtu, nami nikawekwa kwenye kochi mbele ya Madam.

Nikaanza. Nikaanzia kwa bibi yangu Morogoro, aliyesema nilizaliwa napiga kelele na sijanyamaza. Nikasimulia nilivyopewa viboko kwa kutangaza mimba ya mwalimu kabla mumewe hajajua. Nikaomba radhi kwa kuropoka hadharani, nikaomba radhi kwa kuharibu chai ya watu, na katikati nikalia kweli, maana yule niliyemkosea alikuwa nyuma ya ukuta ule. Madam alitazama saa, akatazama dari, mwishowe akacheka.

"Wewe binti unaongea."

"Ndiyo, Madam. Ni kama ugonjwa."

Akapaza sauti jikoni. "Mama, bado tu?"

"Mikono ya uzee," akajibu Bi Shirin. "Bajia nazihamisha moja moja zisivunjike."

Nikameza mate, nikaingia kwenye radhi ya pili.

Tulipoondoka Madam akaniambia nikaandike kundini kwamba nilikosea. Nikaandika mbele yake: "Ndugu zangu, Jumamosi nilipiga kelele isiyonipasa. Namwomba radhi aliyeumizwa nayo." Hakuna neno pale ambalo si kweli hadi leo.

Kwenye gari nikashindwa kuvumilia. "Amesemaje?"

"Nimemuuliza anataka nini. Amesema anataka kuondoka, kwa miguu yake, mchana kweupe. Amekuwa na mpango tangu Krismasi. Njia ya kutoka shuleni mpaka kituo cha basi anaijua hatua kwa hatua. Alikosa kitu kimoja tu, pa kufikia. Nimempa kadi, ameiweka ndani ya kiatu. Kule shuleni kuna maktaba ng'ambo ya barabara, wale wanawake wa hifadhi watamsubiri hapo. Madam akimrudishia kazi ya kupeleka watoto, siku ya tatu yake anaondoka."

Jumatatu binti yake Bi Shirin akapiga simu: wamekuja kwa miguu. Jumanne, kwa miguu.

Jumatano Bi Shirin alinikataza nisikanyage Markham, nami, safari hii, nikasikia la mkuu. Nilikuwa kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja shuka ile ile mara ya tatu. Saa tatu na robo simu ikatikisika mfukoni. Bi Shirin ameandika: "Bajia zimeliwa zote."

Nilicheza katikati ya mashine, mwanangu. Msimamizi wangu, mama wa Kifilipino asiyejua Markham ni wapi wala furaha yangu imetoka wapi, aliacha kikapu akacheza nami. Shuka zikasubiri.

Pasipoti yake ilifuatwa baadaye na mwanasheria, na mambo ya kesi yana wenyewe, siyagusi. Nitakuambia tu siku Rehema alipokuja Parkdale kwa basi, peke yake, na simu mkononi. Nilijificha jikoni. Akanifuata.

"Nilikuchukia siku nne nzima," akasema.

"Nne tu?"

"Ya tano nilikusikia sebuleni unavyomchosha yule mama na bibi yako wa Morogoro. Nikacheka jikoni mpaka Bi Shirin akaniziba mdomo kwa bajia. Nilikuwa sijacheka tangu nitue Canada."

Sasa anasomea kutunza wagonjwa, na kila Jumamosi yuko mezani anamimina chai. Akija mgeni mwenye macho ya kukwepa, mimi nahamia kwenye chapati, yeye anakaa karibu. Hamuulizi mengi. Na wiki ijayo tunafungua meza ya pili kule mtaa wa Jane na Finch, kwenye chumba cha chini cha ghorofa letu, kwa ajili ya wanafunzi na watu wa zamu. Chumba kina bomba linalovuja na dirisha moja, nami tangu juzi silali nikikiona kimejaa watu.

Haya, mwanangu, nasaha yenyewe hii. Pasipoti yako ilale kwako. Hata mtu akupende vipi, haina haja ya kutunzwa na mwingine. Awepo mtu mmoja nje ya nyumba unayokaa ambaye anajua mlango wako, na namba moja iwe kichwani mwako, si kwenye simu tu, maana simu huchukuliwa. Anayekufanyia haraka ya kukupenda, kukusafirisha, kukupa kazi, mwambie kwanza amngoje mama yako. Na ukimwona mwenzio ana kamba mguuni, zuia kidole chako kabla hakijafika kundini. Muulize yeye, faraghani, anataka nini, kisha umpelekee neno mtu ambaye hiyo ni kazi yake. Hatari ikiwa mlangoni piga namba ya dharura usingoje ushauri wa mtu. Lakini isipokuwa hivyo, kumbuka aliyefungwa naye ana akili, pengine kuliko wewe mwenye fulana. Mimi nilidhani nakwenda kumfungulia mlango, kumbe alikuwa tayari ameshika kitasa.

Mungu akupe masikio yanayotangulia mdomo, na mdomo wako akautafutie siku utakayofaa, kama alivyoutafutia wangu. Akufikishe kila uendako ukiwa na jina lako na hati zako mfukoni. Na popote utakapopeleka chombo, mwanangu, kisirudi kwako kitupu.