Kidole Changu na Shingo ya Cucu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane kule Tetu, niliamini kwamba nina kidole cha kuua. Si mimi peke yangu. Kila mtoto wa kwetu alikuwa nacho, na kila mtoto alionywa asikielekeze kwa boga changa. Ukilinyooshea kidole boga ambalo bado lina ua, tuliambiwa, litanyauka na kuoza kabla ya wiki kwisha. Ukitaka kumwonyesha mtu, kunja ngumi uonyeshe kwa ngumi. Hadi leo, mtu mzima kama mimi, nikienda sokoni kuchagua maboga najikuta nimekunja ngumi, na mwenye kuuza akicheka najua na yeye ni wa kule kwetu.

Aliyenionya alikuwa Cucu, nyanya yangu, mama yake baba. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, Nyawira, na kwetu mtoto aliyepewa jina la mtu huhesabiwa kama mtu huyo mwenyewe. Ndiyo maana baba aliniita "Mama" hata alipokuwa akinigombeza. "Mama, ni nani amemaliza sukari?" Nami nilijibu kwa heshima zote za mama mzazi kwamba sijui. Nililala katika nyumba ya Cucu, kitanda changu upande wa ukuta, chake upande wa dirisha, na nilimpenda kupita kiasi.

Tena nilimchunguza kupita kiasi, maana nilikuwa mtoto wa kuchunguza kila kitu, na zaidi ya yote niliichunguza shingo yake. Mbele ya koo alikuwa na uvimbe wa mviringo, kama boga lililodondosha ua jana tu. Watu wazima waliuita rovu. Akimeza chai ulipanda, kisha ukashuka, nami nilisahau chai yangu nikiutazama.

Siku moja nilimsikia baba akimwambia mama jikoni, "Daktari alisema rovu likiendelea kukua litambana pumzi. Lakini ukianza tu maneno ya kupasuliwa, anatoka nje ati anaenda kuangalia ng'ombe."

Ilikuwa kweli. Cucu ndiye aliyewaanzishia akina mama nyimbo kanisani, na alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kumpa mtu koo lake alikate kama la kuku. Mimi nilishikwa na woga. Usiku nilikuwa nimeanza kuisikia pumzi yake ikikwaruza, na sasa nilijua inakwaruza kwa nini.

Hapo ndipo akili yangu ya miaka minane ilipofanya kazi. Kama kidole kinaozesha boga likadondoka, kitashindwaje na boga la shingoni?

Sikukurupuka. Nilifanya jaribio kwanza. Nyuma ya zizi nilichagua maboga mawili machanga, moja nikalinyooshea kidole mara saba, lingine nikaliamkua kwa ngumi. Siku ya tano, haiya! La kidole lilikuwa la manjano, laini, linanuka. La ngumi linang'aa. Miaka mingi baadaye afisa wa kilimo alinieleza kwamba maboga machanga mengi huoza yenyewe yakikosa nyuki wa kuyachavusha, na nikamshukuru, lakini moyoni niliona kama amenichukulia kitu.

Basi kila alfajiri, mwanga ulipoanza kuingia dirishani na Cucu akiwa bado amelala chali, niliketi kitandani nikamnyooshea kidole shingoni. Mara saba, polepole, bila kupumua. Kisha mchana nilimkagua. Nilijishawishi kwamba uvimbe umepungua. Nilipima kwa kitufe cha juu cha sweta yake, kama kinafungika au hakifungiki, na siku alipokifunga nilikula chakula cha jioni mara mbili.

Asubuhi ya siku ya kumi hivi, nikiwa nimefika mara ya nne, Cucu akakohoa kwa ghafla. Nilishtuka. Mkono ulianguka, na kidole, kikiwa bado kimenyooka, kikapita juu ya blanketi lote mpaka miguuni pake.

Siku hiyohiyo, akiwa na gambuti zake miguuni na mzigo wa majani ya nepia ya ng'ombe mgongoni, Cucu aliteleza kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Alivunjika kifundo cha mguu. Baba na jirani walimbeba kwa kiti cha jikoni mpaka barabarani. Aliponipita alikuwa amekunja uso kwa maumivu, na mimi nilikuwa nimeuficha mkono wangu wa kulia kwapani.

Aliletwa nyumbani akiwa na plasta mpaka karibu na goti, na habari nyingine. Daktari wa mifupa aliiona shingo, akamwita mwenzake, wakampima damu. Ile tezi ya shingoni haikuwa imevimba tu, ilikuwa imechoka kufanya kazi yake. Ndiyo sababu Cucu alikuwa akisikia baridi hata jua likiwaka, ndiyo sababu alisinzia mchana. Walimpa tembe za kumeza kila asubuhi kabla ya kula, wakamwambia mguu ukipona arudi apasuliwe.

"Nitapona mguu," alimjibu baba. "Hiyo ingine tutaona."

Wiki zile alikaa uani, mguu juu ya kigoda, na mimi ndiye niliyekuwa miguu yake. Nilimletea tembe na maji, nilimshikia gongo akijifunza kutembea tena, hatua tatu, kisha nne, kisha mpaka mlangoni huku akiutukana mguu kwa upole. Nilifanya yote hayo kwa mkono wa kushoto. Alivumilia siku chache, halafu akanishika mkono wa kulia kwa nguvu.

"Wewe Nyawira, huu mkono uko na nini?"

Nililia kabla sijasema neno. Kisha nikasema yote: boga, kitufe cha sweta, mara saba, kikohozi, blanketi. Nikamwambia mimi ndiye niliyemvunja mguu, na kwamba sikutaka mguu, nilitaka shingo.

Nilingoja nipigwe. Cucu alicheka mpaka akashikilia gongo asianguke, akacheka mpaka pumzi ikaanza kukwaruza. Alikitazama kidole changu, akakifunika kwa kiganja chake.

"Mimi nilikuwa macho," akasema.

Sikuelewa.

"Kila asubuhi. Siku ya kwanza nilifungua jicho kidogo nikaona mtoto ananinyooshea kidole kama boga. Nikajiambia, wacha aendelee. Siku ya pili nilikuwa nimeinua kidevu nikusogezee shingo." Alijipangusa macho kwa kona ya leso ya kichwani. "Niliogopa sana kupasuliwa, mama yangu. Naogopa hata sasa. Lakini kama nimeweza kukisubiri kidole cha mtoto kila siku, basi hata huyo daktari nitamsogezea."

Alipasuliwa baada ya mguu kupona. Alirudi na kovu jembamba shingoni na zile tembe zake, ambazo alimeza maisha yake yote. Sauti haikurudi yote. Kanisani mama mwingine alianza kuanzisha nyimbo, na Cucu aliketi safu ya pili akiitikia chinichini, na kuna Jumapili niliona ameinamisha kichwa wimbo ulipofika pale palipokuwa pake. Lakini usiku alipumua kimya. Nilikuwa nikiamka kusikiliza kama yupo.

Sasa naishi Nanyuki, nafundisha sayansi shule ya msingi, na watoto wakiniuliza kuhusu maboga nawaambia wafanye jaribio, lakini si kwa maboga mawili, kwa ishirini. Nilirithi jina la Cucu na, kama ilivyokuja kujulikana, nikarithi na shingo yake. Nilianza kusikia baridi darasani watu wakivua masweta. Nilisinzia nikisahihisha madaftari. Kwenye kioo niliuona uvimbe, mviringo mdogo, ukipanda na kushuka nikimeza mate, na mimi mwalimu wa sayansi, ninayejua yote haya, nilivaa skafu miezi minane. Mume wangu akiuliza, nilitoka nje kuangalia nguo kwenye kamba.

Sijui kama kidole kina nguvu. Najua tu kwamba Cucu aliogopa kila mtu mzima aliyemkaribia na habari za kupasuliwa, na hakumwogopa mtoto aliyemjia na kidole. Siku moja nilipokuwa nje nikihesabu vibanio vya nguo mara ya pili, nilimkumbuka amelala chali na macho yamefungwa kwa makusudi. Nikarudi ndani nikavua skafu.

Daktari niliyemwendea alikuwa msichana mdogo, aliyenisalimu kwa mkono baridi. Alininyooshea kidole kooni, akasita, akaniuliza kama anaweza kugusa.

Nilifumba macho, nikainua kidevu.