Programu yangu imegoma, nikakumbatiwa

Jamani, leo programu yangu imegoma mbele ya mteja na nimecheka mpaka machozi!

Si mnajua nimejiandikia kaprogramu ka kukopi mafaili hapa steshenari? Kanaiambia tu Windows faili litoke wapi na liende wapi, Windows yenyewe inakopi.

Akaja mama mmoja kutoka Matombo na memori kadi mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niwekee zote kwenye flashi hii."

Kadi ya kwanza ikaingia vizuri. Akaniomba niifute kabisa apate nafasi ya picha. Nikafuta.

Ya pili, kimya. Halafu: IMESHINDIKANA.

Aibu niliyoisikia! Mama akauliza, "Imekufa?"

Kuangalia, kumbe kadi zote mbili zilikuwa na faili linaloitwa Sauti 001, na la kadi niliyoifuta sasa lipo kwenye flashi tu. La pili lingeingia, lingelifuta la kwanza.

"La kwanza lina nini, mama?"

"Sauti ya marehemu mama yangu. Ndiyo hiyo moja tu."

Nikafungua haraka kodi, yaani maagizo niliyoyaandika kwenye programu. Niliiambia Windows: jina likiwepo tayari, usikopi. Wala sikumbuki kuandika hivyo!

Nikalifungua lile faili la kwanza kwenye flashi. Marehemu bibi anacheka, anauliza kwa sauti kubwa, "Hivi kweli haka kasimu kananisikia?"

Mama akapiga kigelegele, akanikumbatia juu ya kaunta. Waliosubiri fotokopi wakapiga makofi.

"Rudia," akasema.

Tumerudia mara nne. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia mama wa watu foleni ni ndefu?