Chumba Changu cha Saruji na Chake cha Udongo

Nimeona wivu juu ya mambo mengi maishani, lakini ni chumba kimoja tu kilichoninyima usingizi. Kilikuwa cha udongo, kimeezekwa nyasi, pembezoni mwa mji wa Kilosa. Mwenyewe alikuwa mkulima wa pamba, na tulipiga magitaa pamoja katika bendi yetu ya watu wanne.

Mimi nilikuwa karani wa stesheni. Nilikaa kota ya reli: kuta za saruji, paa la bati, umeme, na juu ya meza tepurekoda niliyoachiwa na msimamizi mmoja wa shamba la mkonge alipofunga mizigo kurudi kwao baada ya Uhuru. Sikumjua mtu mwingine Kilosa aliyekuwa na mashine ya namna ile. Kwa hiyo nilijiona ndiye mwenye haki ya kuwa na studio.

Tatizo, studio yenyewe ilikuwa na makelele. Ukigusa waya mmoja wa gitaa, kuta zinaurudisha, bati linadakia, na besi inakwenda kunguruma pembeni mpaka hujui umepiga nini. Kwake, tulikofanyia mazoezi, gitaa lilelile lilitulia. Kila waya ulisikika peke yake. Na sauti yake, ambayo ilikuwa nzuri kuliko yangu (imenichukua miaka kuliandika hilo), ilitoka na uzito wake wote. Wenzetu wawili walikuwa wakirudi mjini wanakisifia chumba kile njia nzima, nami natembea nyuma yao, roho inaniuma.

Wakati huo redio ya Dar es Salaam ilikuwa ikipokea kanda za bendi za mikoani. Tukakubaliana tupeleke yetu. Wenzetu wakasema tubebe mashine, tukarekodi kwa mkulima. Nikajibu papo hapo, "Haiwezekani. Mashine hii inataka umeme."

Ulikuwa uongo. Chini ya mashine kulikuwa na kifuniko kidogo, na ndani yake nafasi ya betri sita. Nilidhani najua mimi peke yangu.

Mkulima hakubisha. Alisema basi tukitengeneze chumba cha karani. Jumapili akaja, akasaidia kuihamisha mashine kutoka mezani, kisha akasimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja na kuinamisha kichwa, anasikiliza. Akasogea pembeni, akapiga tena.

"Karani, chumba chako kinajibu kabla hujamaliza kusema," alisema. Wenzetu wakacheka. Mimi nikacheka meno tu.

Jumapili iliyofuata alileta kwa baiskeli magunia matatu ya sufi ya msufi wake na mikeka miwili mikuukuu ya mama yake. Akanielekeza vizuri. Magunia yasimame pembeni, pale besi inaponguruma. Mikeka isibanwe ukutani, iachiwe nafasi ya kiganja nyuma yake. Na ukuta mmoja ubaki mtupu kabisa, sauti ipate pa kupumulia.

Ukarimu ule uliniudhi kuliko kama angeninyima. Nikajiambia hakuna mtu anayegawa siri ya chumba chake bure, lazima ananipoteza. Ukuta mtupu wa nini? Sikutaka kukumbuka kwamba hata kwake ukuta wa mlangoni haukuwa na kitu. Alipoondoka tu, nikaipigilia mikeka misumari ikagandana na saruji. Ukuta wa nne, ule aliotaka ubaki mtupu, nikauziba kwa magunia ya katani, kanga za mke wangu, na godoro letu la kulalia.

"Na sisi tulale wapi, ndani ya gitaa?" mke wangu aliuliza.

Nikamwambia avumilie, hiyo ni sanaa.

Siku ya kurekodi tulisubiri treni ya mizigo ipite, nikafunga dirisha, nikawasha mashine. Joto lilikuwa la tanuri. Sauti ilikuwa ikitoka mdomoni inafia hapohapo. Mkulima aliimba ubeti mmoja, akanyamaza, akautazama ukuta wa nne, akanitazama mimi. Akaanza upya, akijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika ya kawaida, sawa na yangu, nami nilifurahi. Kweli kabisa, nilifurahi.

Bahasha ilirudi kutoka redioni na treni ya abiria, kanda yetu imo ndani. Barua ilisema nyimbo ni nzuri, ila sauti zimefifia kama zinatoka ndani ya gunia, hazifai kurushwa hewani. Niliisoma nikiwa ofisini, nikaitia pamoja na kanda kwenye mtoto wa meza, na wenzangu nikawaambia kanda imepotea hukohuko Dar. Waliamini.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijiji vya ujamaa. Mkulima na familia yake walipangiwa upande wa Ulaya, si ya Wazungu, ni ile ya hukuhuku Kilosa, njia ya Mikumi. Aliibomoa nyumba mwenyewe ili achukue miti na milango. Nilikwenda kumuaga, nikakiona chumba kile kiko wazi, jua linapiga sakafuni. Wenzetu walikuwa wamesimama pale wanakisikitikia, na hata hapo nikaona wivu, maana changu kisingesikitikiwa na mtu.

Miezi ilipita. Siku moja adhuhuri akaja stesheni, vumbi mpaka nyusi, mkononi kifurushi cha gazeti. Tukasalimiana, nikamuuliza habari za kijijini, akasema wanaendelea. Akanipa kifurushi. Zilikuwa betri sita, wakati ambapo hata ya tochi ilikuwa haionekani dukani.

"Siku ile ya kuihamisha mashine niliona ina mlango wa betri chini," alisema. "Nikajua zimeadimika, na wewe unaona haya kusema. Nimezitafuta kila mahali, mpaka nilipopeleka nyanya sokoni Mikumi nikazikuta kwenye duka la barabarani. Nisamehe, Karani, nimechelewa. Chumba hakipo tena."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Barua ilikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na goti langu, na sikuitoa.

Yeye sasa ni marehemu. Kanda ninayo, na ndiyo pekee yenye sauti yake. Wajukuu zake huja kuisikiliza, wanasogeza masikio karibu na mashine, wananiuliza kwa nini babu yao anaimba kwa mbali hivyo. Nawaambia mashine ilikuwa ya zamani.